R Haikulalamika: Historia Fupi ya Mkutano wa useR! na Watu Wake

Jioni moja nyumbani Kisauni nilitaka kuwajumlisha watu wa Mombasa kwa kompyuta. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeipakua R, programu ya takwimu ambayo mtu hauziwi, na mbele yangu palikuwa na matokeo ya sensa ya 2019. Nikaandika idadi za kaunti ndogo zote sita kama nilivyozikuta zimechapwa: Kisauni 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171 na Changamwe 131,882. Nikabonyeza. Jibu likaja papo hapo: 4538.

Jirani yangu alikuwa barazani na chai yake. Hajawahi kuandika amri ya kompyuta maishani, lakini alipochungulia alicheka. "We, hao hata mtaa wa Bombolulu peke yake hawatoshi."

Kosa lilikuwa kwenye mkato. Sisi tunatumia mkato kutenga maelfu. R inautumia kutenga namba moja na nyingine. Kwayo 291,930 ni 291, kisha 930. Namba zangu sita zikawa kumi na mbili, na ukizijumlisha hizo kumi na mbili unapata 4,538 barabara. R haikulalamika kwa kuwa haikuona la kulalamikia. Haijui kwamba watu 4,538 ni wa kuvushwa na feri chache tu pale Likoni kabla jua halijapanda, wala kwamba Mombasa nzima ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333.

Jioni ile nilihitaji watu wawili: anayeijua Mombasa na anayeijua R. Wa kwanza alikuwa barazani kwangu. Wa pili nilimpata siku mbili baadaye, akaniwekea kidole juu ya mkato bila hata kuketi. Historia hii inahusu namna watu wa aina ya pili walivyojipanga duniani, hadi mgeni asiyewajua akaweza kuwapata. Februari 2025 R ilitimiza miaka 25 tangu toleo lake la kwanza kamili, na mkutano mkuu wa watumiaji wake, useR!, ulikuwa umeshavuka miaka 20. Ni wakati mzuri wa kupiga hesabu.

Waliotangulia

Desturi ya watumiaji wa kompyuta kukutana ni kongwe kuliko R. Mwaka 1955, watumiaji wa kompyuta za IBM wa eneo la Los Angeles walikutana wakaunda chama walichokiita SHARE, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitoa jasho kuandika kazi ambayo mwenzake alishaimaliza. Upande wa takwimu, watumiaji wa SAS, programu iliyoanza kuandikwa North Carolina mwaka 1966, walifanya mkutano wao wa kwanza Florida mwaka 1976, mwaka ule ule kampuni ya SAS Institute ilipoundwa. Mikutano hiyo ilikuza wataalamu wengi. Lakini SAS ni bidhaa ya kukodi: leseni hulipiwa, na asiyelipa hana la kufanya mkutanoni. Msomaji wa pwani anajua maana yake. Vyuo vyetu vingi vilifundisha takwimu kwa nakala za programu ambazo mwanafunzi hakuruhusiwa kwenda nazo nyumbani.

Kutoka Auckland hadi Vienna

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walihitaji programu ya kufundishia takwimu katika maabara yao ya kompyuta. Waliyoipenda ni S, lugha iliyobuniwa na John Chambers na wenzake Bell Labs, Marekani, kuanzia 1976. Wakaandika yao inayofanana nayo, wakaiita R: herufi inayoanza majina yao yote mawili, tena ndiyo inayoitangulia S katika alfabeti. Mwaka 1993 waliitangaza kwa wenzao. Martin Mächler wa Zurich, Uswisi, akawashawishi waende mbali zaidi, na mwaka 1995 wakauachilia msimbo wenyewe chini ya leseni ya GNU. Kuanzia hapo kila mtu aliruhusiwa kuitumia R, kuifungua aone ndani, kuirekebisha na kumpa mwenzake.

Mlango ukishafunguliwa wageni huwa wengi. Marekebisho yakamiminika kuliko watu wawili wanavyoweza kuyapokea, na mwaka 1997 likaundwa kundi dogo la kuulinda msimbo, R Core. Tarehe 23 Aprili mwaka huo, lilitangazwa kutoka Vienna ghala la mtandaoni liitwalo CRAN, kazi ya Kurt Hornik na Friedrich Leisch. Lilikuwa na vifurushi 12. Kifurushi ni kazi ya mtu iliyofungwa vizuri ili mwingine aifungue na kuitumia: mmoja huchora ramani, mwingine husoma majedwali, mwingine hukadiria mvua. Leo ghala hilo lina vifurushi zaidi ya 20,000, vingi vikiwa vimeandikwa na watu wasiolipwa hata senti kwa kazi hiyo.

Wengi wa waliojenga msingi huo walikuwa wakifahamiana kwa barua pepe tu. Ilibidi wafike Vienna mwaka 1999, kwenye warsha ya kompyuta za takwimu, ndipo wakaonana ana kwa ana. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Februari 2000, R 1.0.0 ikatoka. Ni siku inayokuja mara moja kila miaka minne, na mwaka 2025, R ilipotimiza miaka 25, haikuwepo kwenye kalenda.

useR! yazaliwa

Mkutano wa 1999 ulikuwa wa mafundi. Watumiaji wa kawaida, yaani daktari, mtaalamu wa kilimo, mwalimu au karani wa data, hawakuwa na chao. Ndipo tarehe 20 hadi 22 Mei 2004, Vienna tena, ukafanyika mkutano wa kwanza wa useR!, jina linalochezea neno la Kiingereza la mtumiaji. Wa pili ulikuwa Vienna vilevile mwaka 2006, kisha ukaanza safari: Ames mwaka 2007, Dortmund 2008, Rennes 2009, na kuendelea hadi Albacete, Aalborg, Stanford, Brussels, Brisbane na Toulouse. Kwa kawaida Ulaya ikipata mwaka huu, ng'ambo ya bahari hupata mwaka ujao. Leisch, mmoja wa waliolifungua lile ghala la vifurushi 12, alifariki mwaka 2024, mwaka ambao mkutano ulirudi Austria, mjini Salzburg.

Anayeingia mara ya kwanza hukuta mafunzo ya nusu siku, mihadhara mirefu, mabango ukutani na hotuba za dakika tano ambazo msemaji hukatizwa muda ukiisha, awe profesa au mwanafunzi. Hata hivyo wazoefu watakwambia kwamba mavuno yako kwenye foleni ya chai. Kifurushi kilichokusumbua mwaka mzima kina mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyo aliyesimama nyuma yako na kikombe mkononi. Ukimweleza tatizo lako vizuri, pengine jioni ile ile atalirekebisha, na kesho yake mtumiaji wa Lima au Lamu akafaidi bila kujua lilianzia wapi.

Kueleza vizuri ni adabu yenye kanuni zake, na pengine ndiyo zawadi kubwa ya jumuiya hii. Huleti faili lote la sensa ukasema halifanyi kazi. Unaleta mfano mdogo kabisa ambao mwenzako anaweza kuuendesha kwenye mashine yake na kulikuta kosa lile lile: namba mbili, amri moja, jibu ulilolipata na jibu ulilolitarajia. Kosa langu la mkato lingetosha mstari mmoja. Walimu wengi wa R husema maswali mengi hujijibu mtu akiwa bado anautayarisha huo mfano.

Mkutano usiofika Afrika

Ukiorodhesha miji ya useR! kuanzia 2004 hadi 2025, hutakuta hata mmoja wa Afrika. Nauli na malazi ni sababu mojawapo. Viza ni nyingine, na haijali kama umealikwa kuzungumza. Kwa hiyo Afrika ilijenga jumuiya yake kwa vipande.

Kipande cha kwanza ni cha zamani kuliko makundi ya R. Mwaka 2003, Genstat, programu iliyozaliwa kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ilitolewa bure katika toleo maalumu kwa nchi zinazoendelea, na watafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki wakaichangamkia. Kisha, kuanzia 2015, watu waliozoea kufundisha takwimu Kenya, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Maseno, walichangisha fedha kwa umma ili waiundie R sura ya kubonyeza kwa kipanya, kwa ajili ya mwanafunzi anayeogopa kuandika amri. Matunda yake ni R-Instat, na sehemu kubwa ya kazi yake imefanywa na vijana wa Kenya.

Makundi nayo yakachipua. R-Ladies, iliyoanzishwa na Gabriela de Queiroz mjini San Francisco Oktoba 2012 ili wanawake wapate nafasi katika fani iliyowasahau, ina tawi Nairobi. Mikutano ya satRday, inayofanyika siku moja ya Jumamosi kwa kiingilio kidogo, ilianzia Budapest Septemba 2016 na kufika Cape Town Februari 2017. Jumamosi moja ni kitu ambacho mwalimu au karani anaweza kukimudu bila kuomba likizo.

Lakini mchango ambao mtu wa Likoni au Changamwe anaweza kuushika mkononi ni kifurushi cha rKenyaCensus, kazi ya mwanatakwimu Mkenya Shelmith Kariuki. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kuhesabu watu kwa tableti badala ya karatasi. Ajabu ni kwamba matokeo yaliporudi kwa wananchi yalikuwa majedwali ndani ya vitabu, mazuri kwa macho na mabaya kwa hesabu. Anayeyataka ilibidi ayanakili namba kwa namba, mikato na yote. Kifurushi hicho kiliyatoa humo, kikayapanga na kuyaweka CRAN pamoja na ramani za kaunti 47. Laiti ningekijua mapema, 4,538 isingezaliwa.

Mlango wa korona

Mwaka 2020 mkutano ulikuwa ufanyike St. Louis, Marekani. Korona ikaufunga ukumbi, na hotuba zikahamia mtandaoni. Wa 2021 ulipangwa kuwa wa dunia nzima na wa mtandaoni, ukizingatia saa za mabara mbalimbali, na baadhi ya mafunzo yakatolewa kwa Kihispania na Kifaransa. Wa 2022 nao ulikuwa wa mtandaoni. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mtongwe, kule Likoni, aliweza kuhudhuria bila pasipoti, mradi ana bando na umeme haujakatika.

Mlango ule haukufungwa wote. Mikutano ya ana kwa ana iliporejea, Salzburg 2024 na Durham, Marekani, 2025, ilitengewa pia siku ya mtandaoni. Hata hivyo skrini haina foleni ya chai. Anayehudhuria kutoka chumbani kwake husikia hotuba yote, kisha hubaki na swali lake na kikombe chake. Ndiyo maana kundi dogo la karibu bado lina kazi, hata dunia nzima ikiingia kwenye simu.

Upande wetu wa maji

Mtu akitaja Mombasa, wageni huona Mji wa Kale na Fort Jesus. Sensa inasema vingine. Mvita, yaani kisiwa, ina watu 154,171 kati ya 1,208,333. Zaidi ya milioni moja tuko bara, upande huu na ule wa maji. Takwimu za Mombasa kwa sehemu kubwa ni takwimu za Likoni, Kisauni na Changamwe, na wanaozichakata mara nyingi hawajawahi kuvuka.

Hebu tuseme mmoja wao, hodari wa R, anataka kulinganisha sensa ya 2009, Mombasa ilipokuwa na watu 939,370, na ile ya 2019. Ataandika amri zake bila kosa, mikato yote mahali pake. Kisha ataona jambo la kushangaza: mji umekua, lakini Changamwe imepungua, na Kisauni nayo imepungua. Huenda akaandika ripoti kuhusu watu kuhama. R haitalalamika.

Hakuna aliyehama. Mipaka ilipochorwa upya kabla ya uchaguzi wa 2013, Jomvu ilikatwa kutoka Changamwe, na Nyali kutoka Kisauni. Jirani yangu analijua hilo bila kufungua kitabu, maana uchaguzi mmoja binamu zake walimpigia kura mbunge wa Changamwe, na uliofuata wakampigia wa Jomvu, nao hawajahama nyumba. Siku kundi la watumiaji litakapoketi upande huu wa maji, hata liwe la watu watano na laptopu mbili, kiti cha kwanza apewe yeye, na aje na chai yake.