Balozi wa Miaka 22

Usiku mmoja baada ya tarawehe tulikuwa barazani tunapiga soga, mwenzetu akasema akimaliza chuo anataka kuwa balozi. Watu wakaangua kicheko. "Hizo kazi zina wenyewe," akaambiwa. Mimi nasoma historia, nikanyamaza, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Hebu tumtazame jirani yetu wa Zanzibar, Salim Ahmed Salim.

Alizaliwa 1942. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, akapelekwa Cairo kuwa balozi. Piga hesabu mwenyewe: miaka 22! Umri ambao wengi wetu bado twaomba nauli nyumbani. Tuseme kweli, nchi ilikuwa changa, wasomi wachache, naye alishajulikana kwa harakati za wanafunzi na siasa. Mlango ulikuwa mpana kuliko leo.

Linalonipendeza mimi ni alichofanya baada ya kuingia. Mwaka 1965 akahamishiwa India, na huko huko, mheshimiwa mzima, akasoma Chuo Kikuu cha Delhi. Baadaye, akiwa New York, akachukua shahada nyingine Columbia. Cheo alikuwa nacho tayari. Asingesoma nani angemuuliza?

New York alikaa miaka kumi, 1970 hadi 1980, akiiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa. Sisi tukisikia ubalozi twafikiria suti na karamu. Kumbe ni kusoma makaratasi, kumfuata mjumbe mmoja mmoja, kuhesabu kura. Kuanzia 1972 aliongoza kamati iliyoshughulikia nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni. Kabla ya hapo, tarehe 25 Oktoba 1971, serikali ya Beijing ilipewa kiti cha China. Marekani ilipinga, Tanzania ikaunga mkono, na matokeo yaliposomwa wajumbe wa Tanzania wakashangilia ukumbini, ati wengine hata wakacheza.

Wamarekani hawakusahau. Mwaka 1981 Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Duru ya kwanza alipata kura 11, Kurt Waldheim 10. Marekani ikamzuia Salim kwa kura ya turufu, China ikamzuia Waldheim, na mvutano ukaenda wiki kadhaa. Mwishowe wote wawili wakakaa kando, kiti akapewa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Hilo ndilo wasilokwambia: msimamo ni wa serikali yako, lakini anayelipizwa ni wewe.

Hakurudi nyumbani kununa. Alikuwa Waziri Mkuu 1984, kisha kuanzia 1989 hadi 2001 akawa Katibu Mkuu wa OAU kule Addis Ababa. Afrika Kusini ilijiunga 1994, yeye akiwa kitini.

Juzi nilimsimulia haya yule mwenzetu. Akauliza jambo moja tu: Kiarabu chetu cha madrasa kitatosha? Nikamwambia Kiarabu ni katika lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, ila chetu ni cha kusoma na kuhifadhi, hakijazoea kubishania mkataba. Tangu siku ile hukosi kumwona na kamusi, hata wakati wa kungoja adhana ya Magharibi.