Kutoka Vuga hadi Lushoto

Vuga, kwenye milima ya Usambara Magharibi, ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Kilindi. Kwa masimulizi ya Washambaa, ukoo huo ulianzishwa na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyepewa utawala baada ya kuwagawia watu nyama na kuua simba. Kwa hiyo mfalme aliitwa Simba Mwene. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, kazi yenye thamani kubwa hadi leo.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopanda Vuga mwaka 1848, mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala hadi pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862, na nguvu ikateremka bondeni. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, penye njia ya misafara, ambako pembe za ndovu, watumwa na bunduki vilipita mlangoni pake. Vuga ikachomwa moto katika vita vya ndugu, na heshima yake ya kale haikurudi.

Baadaye watawala wa kikoloni wa Kijerumani walijenga boma lao Lushoto, katika milima hiyo hiyo, wakauita mji Wilhelmstal, wakivutiwa na ubaridi wa mwinuko wa takriban mita 1,400. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Kutoka hapo barabara hupanda ikipinda kando ya magenge hadi Soni, kisha Lushoto.

Wapanda milima wa leo huanzia Lushoto kwenda msitu wa Magamba, au Irente, ambako mwamba unakatika ghafla na Mazinde ya Semboja inaonekana chini kabisa, kati ya mashamba ya mkonge.