Jina la Fundi: Kitale, Bungoma na Uandishi wa Historia ya Sanaa Nchini Kenya

Historia ya sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki imezoeleka kuanzia Makerere mnamo 1937, Margaret Trowell alipoanza kufundisha uchoraji na uchongaji. Kisha hupita Nairobi, katika majumba ya maonyesho yaliyofunguliwa miaka ya 1960, na hatimaye huvuka bahari hadi London na New York. Njia hiyo haipiti Kitale wala Bungoma. Sehemu hizi mbili zikitajwa, hutajwa kwa mahindi yake, kwa miwa yake, au kwa Elijah Masinde na Dini ya Msambwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukimya huo hautokani na uhaba wa sanaa. Unatokana na namna kazi za mafundi wa huko zilivyohifadhiwa bila majina yao, na zaidi ya hapo unatokana na jambo ambalo wanahistoria wa sanaa hulipita haraka, yaani uchapishaji. Katika historia iliyoandikwa, fundi huwa msanii siku jina lake linapopigwa chapa.

Mwaka wa 1926 reli ilifika Kitale, mji wa walowezi katika ardhi ya Trans Nzoia, na mwaka huo huo Luteni Kanali Hugh Stoneham akaanzisha huko jumba lake binafsi la makumbusho. Alikuwa mkusanyaji tangu utotoni: wadudu, ndege, wanyama, vitabu, na vyombo vya watu wa magharibi mwa Kenya. Alikuwa pia mchapishaji wa kujitegemea, jambo ambalo halijulikani sana. Katika miaka ya 1930 alikuwa akitoa jarida lake mwenyewe, Bulletin of the Stoneham Museum, ambamo vipepeo wa sehemu hizo walielezwa aina kwa aina. Kwa desturi ya elimu ya viumbe, kila kipepeo aliyeelezwa hivyo hupewa jina la Kilatini, na baada ya jina hilo huandikwa jina la mtaalamu aliyemtangaza kwanza, pamoja na mwaka. Kwa upande wa vyombo, desturi ya makumbusho za enzi hiyo, Afrika na Ulaya, ilikuwa nyingine. Chungu kiliandikwa kabila, mahali, na pengine matumizi. Mfinyanzi hakuandikwa. Kwa hiyo katika kabati moja mdudu aliweza kuwa na kumbukumbu iliyo kamili kuliko ya mwanamke aliyefinyanga mtungi uliowekwa karibu naye.

Haifai kumlaumu Stoneham peke yake. Alipofariki mwaka wa 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyo wake, vitabu vyake na fedha za kujengea jumba jipya viwe mali ya umma, na jumba hilo, lililoitwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya, lilifunguliwa Kitale mwezi wa Desemba 1974. Lilikuwa la kwanza kati ya majumba ya makumbusho yaliyojengwa katika miji ya bara. Wengi waliobuni mgawanyo huo wa wenye majina na wasio na majina walikuwa wapenzi wa kweli wa sanaa ya Kiafrika. Trowell mwenyewe ni mfano. Wanafunzi wake wa Makerere aliwalea wawe wasanii wenye majina. Mmoja wao, Gregory Maloba, alizaliwa mwaka wa 1922 Mumias, karibu sana na Bungoma, naye ndiye aliyejenga Sanamu ya Uhuru ya Kampala mwaka wa 1962, na baadaye akafundisha katika idara ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini Trowell huyo huyo, pamoja na Klaus Wachsmann, alichapisha mwaka wa 1953 kitabu kikubwa cha kazi za mikono za Uganda, na hicho kimepangwa kwa vitu na kwa makabila: mikeka, vikapu, ngoma, vyungu. Mumias ikatoa msanii kwa sababu kijana wake mmoja alifika darasani. Wengine wote walibaki kuwa kabila.

Mgawanyo huu haukuwamo katika lugha ya Kiswahili. Neno sanaa limetoka katika Kiarabu, na huko lina ukoo mmoja na maneno yahusuyo utengenezaji na ufundi wa kila namna. Katika Kiswahili cha pwani fundi ni yule aliyebobea, awe anashona kanzu, anachonga mlango au anajenga jahazi. Kumtenga msanii na fundi, na kumweka wa kwanza juu ya wa pili, ni mazoea yaliyokuja na shule. Siku hizi lugha imeyapokea kiasi kwamba mtu akiitwa fundi katika ukumbi wa maonyesho huweza kuona ameshushwa hadhi.

Chukua mfano wa vazi la mwari wa Kibukusu. Katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti unapokaribia, kijana anayetaka kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, akipiga chinyimba, yaani njuga za chuma ambazo hugongwa kwa bangili za chuma mkononi. Shanga anazovaa aghalabu si zake. Huazimwa kwa shangazi, dada na binamu, na hurudishwa baada ya sherehe. Mjomba humvisha shingoni nyama ya fahali aliyechinjwa kwa ajili yake. Alfajiri ya siku yenyewe huvuliwa yote, akapakwa tope la mtoni, akarudi nyumbani hali amevaa ardhi. Ni vigumu kufikiri mpango wa mavazi ulioratibiwa vizuri kuliko huu: chuma, shanga, nyama na udongo, kila kimoja kikiwa na wakati wake, na kila kimoja kikieleza uhusiano wa kijana na watu fulani. Nyumba za mitindo za Paris hulipa fedha nyingi ili kupata mfululizo wa namna hiyo, na mara nyingi hazipati.

Tena vazi hili halikosi mwenyewe. Aliyefua chinyimba hujulikana. Mwenye shanga hujulikana zaidi, maana atazidai. Mfinyanzi naye hujulikana sokoni, na mwanamke akinunua mtungi uliopasuka mapema humjua wa kumlalamikia. Msemaji wa kumuse, yule mzee anayesimama baada ya mazishi ya mtu mashuhuri kusimulia historia ya ukoo na taifa, hukumbukwa kwa jina kizazi baada ya kizazi. Basi usemi kwamba sanaa ya Kiafrika haina majina si wa kweli kwa Bungoma. Majina yalikuwapo nyumbani, yakapotea njiani kuelekea makumbusho, kwa kuwa anayekusanya hakuuliza, au aliuliza na daftari lake halikuwa na safu ya kuliandika.

Jambo la pili lilitokea mwaka huo huo wa 1974. Huko Webuye, penye maporomoko ya mto Nzoia, wilayani Bungoma wakati huo, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kutengeneza karatasi. Kilikuwa cha ubia wa serikali ya Kenya, kampuni ya Orient ya Kihindi, na shirika la fedha la Benki ya Dunia. Magogo yalitoka katika misitu ya kupandwa ya magharibi na ya Bonde la Ufa, na zikatoka karatasi za kuandikia na kuchapia pamoja na zile za kufungashia bidhaa. Wakazi walipata ajira. Walipata pia harufu, na malalamiko kuhusu mabati yaliyoliwa na hewa ya kiwandani na kuhusu maji ya Nzoia hayakukoma kwa miaka mingi. Kwa muda wa zaidi ya miongo mitatu Bungoma ikawa ndiyo chimbuko la karatasi ya Kenya.

Ilitazamiwa, basi, kwamba penye karatasi pangekuwa na chapa. Haikuwa hivyo. Magazeti ya sanaa yalibaki miji mikuu: Transition, lililoanzishwa na Rajat Neogi huko Kampala mwaka wa 1961, na Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst. Uhuru wa baadhi ya machapisho hayo una mjadala wake, hasa baada ya kubainika, kufikia 1967, kwamba shirika la Congress for Cultural Freedom, lililofadhili Transition na kituo cha Chemchemi, lilipokea fedha za idara ya ujasusi ya Marekani. Hata hivyo yalitoa majina. Msanii aliyeandikwa humo alikuwa ameingia katika kumbukumbu.

La kuzingatiwa na wanalugha ni majina ya taasisi zenyewe. Chemchemi ya mwaka wa 1963. Paa ya Paa ya 1965. Watatu ya 1969. Kuona ya 1995. Jarida la Busara la wanafunzi wa Nairobi. Na mwaka wa 2003, Kwani? Yote ni Kiswahili. Lakini ndani ya mlango wenye jina la Kiswahili maelezo ya ukutani, orodha za picha na tahakiki ziliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa kwa nadra. Kiswahili kilitoa kibao, hakikupewa kalamu. Matokeo yake ni kwamba msamiati wa kuhakiki picha, mfinyango au vazi haukukua kwa kiwango cha msamiati wa kuhakiki ushairi, ambao una arudhi yenye istilahi za karne kadhaa. Mhakiki anayetaka kueleza mng'aro wa chungu au mpango wa rangi hulazimika kukopa ama kubuni kila sentensi.

Kuna chapa moja ya Kiswahili iliyofika Kitale na Bungoma bila kungoja gazeti, nayo ni leso. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yake. Tena nyingi zina alama ya mfanyabiashara: leso za nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara 1887, hujulikana kwa maandishi ya "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hapa pana sanaa iliyochapishwa, inayosomwa, yenye jina la mtoaji juu yake. Lakini maneno hayo yasomwe kwa makini. Mali ya Abdulla ni jina la mwenye bidhaa. Aliyechora pindo na mji hakutajwa. Leso ilipopanda ngazi ya mitindo, jina lilibadilika tena: mwaka wa 2008 ilianzishwa New York nyumba ya mitindo ya Suno, ambayo mavazi yake ya kwanza yalishonwa kwa kanga zilizokusanywa Kenya, na wahariri wa mitindo wakawasifu, kwa haki, waanzilishi wake. Katika safari nzima mchoraji ndiye pekee asiyeulizwa.

Magdalene Odundo anaonyesha upande wa pili. Alizaliwa Nairobi 1950, akaenda Uingereza 1971, na mwaka wa 1974, mwaka ule ule wa Kitale na Webuye, akaenda Abuja nchini Nigeria kujifunza kwa wafinyanzi wa huko, akiwamo Ladi Kwali. Vyungu vyake, vinavyojengwa kwa mkono bila gurudumu, viko leo katika makumbusho kubwa za dunia, na kila kimoja kina jina lake na mwaka wake. Ustadi wake hauna shaka. Lakini namna ya kujenga kwa mkono ni ile ile ya wafinyanzi wanawake wa Afrika, wakiwamo wa Bungoma, na tofauti ya kumbukumbu zao haiwezi kuelezwa kwa ustadi peke yake.

Juhudi za wenyeji zilikuwapo. Mwanahistoria Gideon Were, aliyeandika historia ya Abaluyia mwaka wa 1967, baadaye alianzisha shirika lake la uchapishaji, na ndilo lililotoa mwaka wa 1985 kitabu kuhusu historia na utamaduni wa watu wa wilaya ya Bungoma, kilichohaririwa na Simiyu Wandibba. Ni kazi ya thamani, na ni kwa Kiingereza. Katika Kiswahili, riwaya ndiyo iliyotangulia: Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, ilimtoa msomaji Tanga ikamfikisha Kitale. Wahakiki wa sanaa za macho hawajaifuata njia hiyo.

Kiwanda cha Webuye kilifungwa mwezi wa Januari 2009, na majaribio ya kukifufua hayakudumu hadi kilipouzwa kwa mwekezaji binafsi mwaka wa 2016. Wanaodhani kwamba kufungwa huko ndiko kulikoinyima sehemu hii uchapishaji wake wa sanaa wanasahau miaka 34 iliyotangulia, ambayo karatasi ilipakiwa Webuye ikapelekwa kwingine kuandikwa. Kilichokosekana ni mhariri, na lugha ambayo mhariri huyo angeiandika, na mtu wa kwenda Kimilili au Sirisia kuuliza. Orodha ya kwanza haihitaji zaidi ya daftari: kitu, mahali, mwaka, jina la aliyekitengeneza, na neno lake mwenyewe kwa kila sehemu ya kitu hicho, kwa Lubukusu kwanza, kisha kwa Kiswahili. Baadhi ya wafinyanzi waliokuwa wakiuza vyungu mwaka wa 1974 wana mabinti na wajukuu ambao bado wanaweza kuzijibu safu zote tano.