Miongo ya Makunduchi, Makumi ya Suheli

Machi ikiingia, mkulima wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huwa ameshachagua mbegu, kwa kuwa masika yako njiani. Mwezi huo huo, katika mtaa wa Al Thumama mjini Doha, aliyeotesha sukuma wiki kwenye ndoo juu ya paa huanza kuona dalili za kufunga msimu. Kufikia adhuhuri majani yamenyong'onyea, na ukingoni mwa ndoo kumeganda utando mweupe wa chumvi iliyoachwa na maji yaliyokauka. Qatar haipati hata milimita 100 za mvua kwa mwaka. Mboga hupandwa kuanzia Oktoba joto linapopungua, na masoko ya wakulima kama lile la Al Mazrouah huchangamka wakati wa baridi. Mwenzetu aliyezoea kungoja Machi ndipo apande, huku ataunguza miche.

Hata hivyo, wazee wa pande zote mbili walihesabu mwaka kwa namna moja. Pwani yetu ina mwaka wa Nairuzi, uliokuja na mabaharia kutoka Uajemi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Ghuba ina hesabu ya durur, nayo ni ya makumi, yakifungwa mafungu ya mia: mia ya vuli, mia ya baridi, mia ya joto, kisha sitini za hari kali na siku chache za kukamilisha. Wavuvi, manahodha na wakulima waliitumia pamoja.

Tofauti iko kwenye mwanzo wa hesabu. Durur huanza nyota ya Suheli inapochomoza alfajiri, mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo haihami: siku ya mia mbili huangukia karibu na katikati ya Machi, baridi inapoaga. Nairuzi haikufungwa na nyota wala haiongezi siku ya mwaka mrefu, hivyo kila miaka 4 hurudi nyuma siku moja. Huko Uajemi Nairuzi ni sikukuu ya machipuko, mwezi Machi. Makunduchi, Mwaka Kogwa, sherehe ya kufungua mwaka huo wa Nairuzi, husherehekewa Julai. Kwa miaka 100 hesabu yetu imesogea siku 25, yaani miongo miwili na nusu. Mwongo ambao babu alisia mtama, mjukuu akiufuata kwa kukariri tu, atamwaga mbegu kwenye vumbi.

Kwa upandaji, basi, Suheli inaishinda Nairuzi. Lakini kuhesabu kwa makumi kunafaa kokote, maana mmea hauna habari na majina ya miezi. Una umri wa siku. Mchicha huchumwa baada ya miongo mitatu hivi, sukuma baada ya mitano au sita. Anayejua hivyo, akiwa Al Thumama katikati ya Machi, hasii tena sukuma: itafikia kuchumwa Mei, jua limeshapamba moto. Ndoo huzipa mchicha na bamia, mimea inayostahimili joto, akazitandia chandarua cha kivuli. Mbegu za sukuma huziweka hadi Suheli ionekane tena, kisha huhesabu miongo mitano au sita kabla ya kuzitia udongoni.