Kitoweo cha nyama cha kuunga (Masasi na Newala)

Kitoweo cha nyama cha kuunga ni kuku wa kienyeji, mbuzi au ng'ombe aliyepikwa mpaka akalainika, kisha mchuzi wake ukatiwa korosho, karanga au ufuta uliotwangwa, au tui la nazi, hadi ukashikana. Huliwa kwa ugali wa muhogo au wa mahindi, na kwa wali pale mchele unapokuwapo. Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, na katika vijiji vilivyo baina yake kama Chidya, ni chakula cha siku ambayo watu wote wa nyumbani wapo. Kwa Wakristo, ambao wengi wao hapa wana asili katika misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) iliyoanza Masasi mwaka 1876, siku hiyo ni Jumapili baada ya ibada. Kwa Waislamu, ambao ni wengi upande wa Newala, ni Ijumaa au siku yoyote ambayo hakuna anayekwenda shambani. Mapishi ya mjini yamezoea kuupima mlo wa namna hii kwa kilo za nyama. Makala hii inashikilia kwamba kipimo hicho hakifai hapa: kinachoishibisha familia ni rojo, na kazi ya nyama ni kulipa rojo hilo utamu na nguvu. Asiyelielewa hilo ataona kuku mmoja kwa watu 8 na kudhani ameona uhaba.

Ushahidi wa kwanza uko katika lugha yenyewe. Chakula kilichochemshwa kwa maji na chumvi tu huitwa chukuchuku. Kikitiwa nazi, karanga au mafuta husemwa kimeungwa. Kitenzi ni kile kile cha kuunga kamba iliyokatika au mfupa uliovunjika, na jikoni kinafanya kazi hiyo hiyo: mchuzi mwepesi unaokimbia sahanini unafungwa pamoja na nyama na ugali, vikawa kitu kimoja. Neno kitoweo nalo linatokana na kutowea, yaani kula tonge pamoja na kitu cha kuliteremshia. Kwa hiyo mpishi anayekata kuku wake haanzi kwa kuuliza kila mtu atapata vipande vingapi. Anawaza matonge mangapi yatapata pa kuchovya, na mchuzi utafika mpaka tonge la mwisho au utakauka njiani. Mgawanyo wa vipande upo, na una heshima zake, kama firigisi inayowekewa mgeni au baba mwenye nyumba, lakini ni mgawanyo wa heshima. Shibe inatoka kwingine.

Ardhi inaeleza desturi hii ilikotoka. Kusini-mashariki mwa Tanzania ni nchi ya miombo, na miombo ni makazi ya mbung'o, nzi anayewaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Wamakonde, Wamakua na Wayao hawakupata kuwa wafugaji wa ng'ombe kama Wasukuma au Wagogo. Walifuga mbuzi na kuku, wakalima, wakawinda. Juu ya uwanda wa Makonde kulikuwa na tabu nyingine, ya maji. Udongo wa kichanga hunywa mvua yote, na Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika juu ya safari ndefu za kuteremka ukingoni kwenda kuteka maji bondeni. Miradi ya kuyapandisha kwa pampu ilianza katika miaka ya 1950. Ng'ombe mmoja anahitaji lita 30 na zaidi kwa siku. Kuku anatosheka na maji ya kifuuni. Palipo na ndoo inayopandishwa kilima kichwani, hesabu hiyo haihitaji mwalimu, na ndiyo iliyomfanya kuku kuwa mnyama wa kitoweo wa uwandani. Hesabu hiyo inaingia hata chunguni: katika pishi la kuunga hakuna maji yanayomwagwa. Yale yaliyomchemshia kuku ndiyo yanayokuwa rojo, na rojo lote linaliwa.

Uwindaji, uliowahi kuleta nyama nyingi, ulibanwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 1974, kisha na ile ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake. Panya wa shambani ameendelea kuliwa, naye Kusini anaitwa samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Ni kitoweo chenye wapenzi wake na kinastahili makala yake peke yake. Ng'ombe wameongezeka katika ukanda huu tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu walipohamishiwa mkoa jirani wa Lindi na mifugo yao. Lakini nyama ya buchani ilipofika ilikuta njia ya kupika ikiwa imekwisha kujengwa juu ya kuku na mbuzi, nayo ikaingizwa katika njia hiyo hiyo.

Udongo ule ule usioshika maji unazaa kwa wingi vitu vya kuungia. Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno waliuleta pwani ya Msumbiji katika karne ya 16, na mizizi yake mirefu iliipenda michanga ya Newala, Tandahimba na Masasi kuliko karibu mahali pengine popote nchini. Karanga zinakubali pia, ingawa kwa mkulima mdogo anayezijua mvua zake. Mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufika Nachingwea, ulianguka kufikia mwaka 1951. Ufuta unasitawi. Mbaazi zinasitawi pia, na kila nyumba iliyolima ikabaki nazo ilijifunza kuzila kwa bidii mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje na bei ikaporomoka. Kwa upande wa lishe, gramu 100 za korosho zina takriban gramu 18 za protini na 44 za mafuta. Karanga zina takriban gramu 26 za protini na 49 za mafuta. Kwa hiyo rojo la korosho si mapambo juu ya nyama. Ni chakula kizito kwa haki yake, na kwa mlaji wa ugali wa muhogo, ambao karibu wote ni wanga, ndicho kinachoziba pengo. Nazi inakuja ya mwisho katika orodha hii kwa sababu ya mahali: ni mali ya Mikindani, Mtwara na Lindi, na huku juu hununuliwa.

Upishi wenyewe ni rahisi: una hatua chache, na moja tu inayodai mkono mzoefu. Kuku hukatwa vipande vidogo kuliko vya mjini, mifupa ikivunjwa ili uboho utoke. Hubandikwa na chumvi, kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, maji yakimfunika na kupita kidole kimoja, na moto hupunguzwa mara tu mchuzi unapochemka. Tetea mchanga huiva kwa chini ya saa 1. Jogoo mzee huchukua saa 2 au zaidi. Wakati huo korosho, zilizokwisha kuchomwa, kubanguliwa na kumenywa ngozi yake nyembamba, zinatwangwa kwenye kinu. Mwanzo zinakuwa chenga, kisha unga, kisha mchi unaanza kunata na unga unajikusanya kuwa donge linalong'aa mafuta. Hapo ndipo penyewe. Donge halitupwi chunguni. Linachotewa mchuzi wa moto kwenye bakuli, linakorogwa mpaka linakuwa uji usio na kidonge, ndipo linamiminwa polepole huku mwiko ukizunguka. Korosho zina wanga wa kutosha kuushika mchuzi ndani ya dakika 10, na wanga huo huo ndio unaoshika chini na kuungua mpishi akigeuza kichwa. Kuanzia hapo mwiko hauachwi. Karanga zina subira zaidi. Zinahitaji kuchemka mpaka ule ubichi unaokwaruza koo uondoke na mafuta yaelee juu, yakionekana kama vijicho vyekundu palipotiwa nyanya. Nyanya yenyewe hutiwa kidogo. Nyingi huleta ukali unaoufunika utamu wa korosho. Mbuzi hupikwa hivyo hivyo, na wapo wanaomchanganya na mbaazi zilizochemshwa kando, ambazo hupondwa kiasi ili nusu yake iyeyuke.

Pingamizi la kwanza, na linalosikika sana, ni kwamba haya yote ni mbinu za umaskini zilizovikwa sifa, na kwamba mwenye pesa angeongeza nyama akaacha kutwanga. Bei zinakataa. Kilo 1 ya korosho zilizobanguliwa hutoka katika kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho ghafi kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kilo moja ya kokwa ilikuwa imebeba korosho ghafi za shilingi 13,000 na zaidi, na kilo ya nyama ya ng'ombe buchani haikukaribia bei hiyo. Anayetia korosho katika kuku wake haokoi fedha. Anaweka chunguni zao la thamani kuu la shamba lake, kwa kuwa anajua chakula kitakuwaje.

Jibu hilo linazaa pingamizi la pili: ikiwa korosho ni ghali kiasi hicho, basi chakula hiki ni cha wachache. Lingekuwa kweli kama kilo nzima ingehitajika. Kuku mmoja hutosheka na robo kilo ya korosho, hata pungufu. Tena mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika katika korosho tangu mwaka 2007, hupokea korosho zikiwa na maganda na kuzipanga kwa madaraja. Zile ndogo, zilizonyeshewa au zilizookotwa mwishoni mwa msimu mara nyingi hubaki nyumbani, na kinuni hakuna anayeuliza daraja. Gharama halisi hapa ni ya mikono. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayochubua ngozi, na moshi wa kuyachoma huwasha macho na kifua. Kazi hiyo wanaifanya zaidi akina mama, na mtu anayesifia rojo la korosho bila kuitaja ameacha nusu ya mapishi. Ndiyo sababu nyumba nyingi hubangua kwa mara moja kiasi cha wiki kadhaa, na wabanguaji wanapokosekana, mahali pa korosho huchukuliwa na karanga.

Pingamizi la tatu lina uzito kuliko yote: chakula kinachokaa motoni saa 2 kinawezaje kuitwa rahisi? Ni lazima kutenganisha muda wa moto na muda wa mpishi. Kuku akishabandikwa, mpishi yuko huru kutwanga, kufua, kukaa na wageni au kurudi kutoka kanisani, na chungu kimoja kinatoa nyama na mchuzi kwa pamoja. Pilau ya pwani, ambayo watu huiona ndiyo karamu hasa, inataka kukaanga vitunguu mpaka rangi sahihi, kupima maji ya mchele na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kosa moja linaharibu sufuria nzima. Kitoweo cha kuunga kinasamehe: kikiwa kizito kinaongezwa maji, kikiwa chepesi kinaachwa kichemke. Hata hivyo kuni ni kuni. Saa 2 za moto kwa jogoo mmoja ni mzigo kwa miti na kwa mgongo wa anayezibeba, na hapa utetezi wa desturi hauna budi kukubali marekebisho. Vipande vya papai bichi, vyenye kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, hupunguza muda kwa kiasi kikubwa vikikaa na nyama kabla ya kupikwa. Chungu cha udongo hutunza joto, hivyo nyama huendelea kuiva makaa yakiwa yamefifia. Na jogoo halazimiki kuachwa azeeke.

Kuku wenyewe ndio mahali palipo dhaifu katika mpango huu wote. Kuku wa kienyeji huokota riziki yake, hudai maji kidogo, na hufa kwa mdondo. Ugonjwa huu, ambao kwingine huitwa kideri, hupita zaidi katika miezi ya kiangazi na unaweza kumaliza banda la kijiji kizima kwa siku chache, wakubwa kwa vifaranga. Chanjo ya I-2 ilibadilisha hali kwa sababu inavumilia joto kuliko zile za zamani na hutolewa kwa tone 1 katika jicho, jambo ambalo mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kulifanya bila sindano. Sharti lake ni kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, na hapo ndipo wengi huteleza: kuku wakionekana wazima, chanjo husahauliwa. Kalenda ya uwanda inasaidia mwenye kuiangalia. Kiangazi, baada ya mavuno ya nafaka, ming'oko, yaani viazi vya mwitu, inachimbwa porini, na korosho za kwanza zinaanguka kuelekea Oktoba. Aliyechanja kuku wake mwezi wa saba ana tetea wa kuchinja mwezi wa kumi, korosho mpya zinapoanikwa uani.