Vibweta vya Kale vya Sarafu ya Tabora
Kibweta cha sarafu ni kikasha cha plastiki kisichofunguka ila kwa kuvunjwa, ambamo wakaguzi huihifadhi sarafu baada ya kuthibitisha uhalisi na daraja yake. Kwa watu wa Bugarama, jirani ya machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu, mfano ulio karibu wa sarafu ihifadhiwayo hivyo ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye sura ya ndovu, iliyopigwa na Wadachi huko Tabora mwaka 1916 kwa madini ya mgodi wa Sekenke. Vibweta vya awali vya PCGS, shirika la ukaguzi wa sarafu lililoanza kazi Marekani mwaka 1986, ni vidogo, na vikitikiswa hutoa mlio. Vya NGC, shirika jingine la ukaguzi, vya mwaka 1987, ambavyo ni nadra mno, huizungushia sarafu weusi. Walaghai hughushi hata kibweta chenyewe, basi yapasa kuchunguza maungio yake kabla ya lebo.