Mazimwi, Wawindaji na Uhusika katika Migori na Homa Bay

Uwindaji wa mazimwi ni dhamira ya kale katika fasihi simulizi ya jamii zinazoishi mwambao wa mashariki wa Ziwa Viktoria, na tangu mwanzoni mwa karne ya 21 ni dhamira pia ya michezo ya video ambayo vijana wa mwambao huohuo huicheza, huitazama au huijadili wanapokutana. Makala haya yanaieleza dhamira hiyo katika kaunti za Migori na Homa Bay, kusini magharibi mwa Kenya, ambako Waluo ndio walio wengi na ambako wanaishi pia Wasuba, Wakuria na watu wa jamii nyingine. Inaelezwa pamoja na uhusika, yaani desturi ya mtu kujivika nafsi nyingine na kunena au kutenda kwa jina la nafsi hiyo, kwa kuwa mambo haya mawili hayatenganiki: zimwi huwa na maana pale tu anapokuwapo mtu wa kudai kwamba alilikabili, na wenzake wa kumsikiliza, kumpinga na kumsahihisha.

Katika michezo ya video, uwindaji wa aina hii unahusishwa zaidi na mfululizo wa Monster Hunter, uliobuniwa na kampuni ya Capcom ya Japani na kutolewa kwa mara ya kwanza Machi 2004 kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Mchezaji huanza kwa kumuumba mwindaji wake, akampa sura, jina na silaha, kisha hupewa kazi ya kumfuata mnyama wa kubuni aliye mkubwa kumshinda mara nyingi, kama vile Rathalos, joka lirukalo na kutema moto, ambalo mkia wake hukatika likipigwa kwa silaha zenye makali. Jambo linaloutenga mfululizo huu na michezo mingi ya jamii yake ni kwamba mwindaji hapati nguvu kwa wingi wa mapambano aliyopitia. Nguvu yake hutoka katika mzoga, kwa maana ngozi, magamba, mifupa na makucha ya mnyama aliyeuawa ndiyo hupelekwa kwa mhunzi na kugeuzwa kuwa mavazi na silaha za safari inayofuata. Wawindaji wasiozidi wanne huweza kuandamana katika safari moja, na miongoni mwa aina 14 za silaha zilizomo katika matoleo ya karibuni kuna pembe la kupuliza, ambalo mwenye kulibeba hupiga nalo na pia hutoa sauti zinazowaongezea wenzake nguvu. Mluo aliyekulia penye oporo, pembe la ng'ombe lililopulizwa kuita watu, hahitaji kuelezwa kwa nini pembe liwe silaha.

Mfululizo huo ulipata umaarufu mkubwa nchini Japani ulipohamia kwenye PlayStation Portable, mashine ndogo ya mkononi, kwa sababu marafiki waliweza kuketi pamoja, kila mmoja na mashine yake, wakawinda mnyama mmoja huku wakishauriana kwa mdomo. Nje ya Japani ulienea hasa kwa Monster Hunter: World, iliyotoka Januari 2018, na toleo kubwa lililofuata baadaye, Monster Hunter Wilds, lilitoka Februari 2025. Asili ya mbali ya michezo ya namna hii ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambamo mchezaji mmoja husimulia ulimwengu na hatari zake, wengine hujibu kwa kauli za wahusika wao, na dadu huamua nani amefaulu. Katika mchezo huo wa mezani hakuna picha inayosogea wala kitufe cha kubonyeza. Vyote hubebwa na maneno ya watu waliokaa pamoja, na kwa hiyo uko karibu na usimulizi wa jioni kuliko vizazi vyake vya kielektroniki.

Usimulizi huo kwa Waluo huitwa sigana. Zamani wasichana walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim, ambaye aliwalea na kuwafunza kwa hadithi, vitendawili na methali, ilhali wavulana walipata mafunzo yao penye wazee wa kiume. Fanani wa sigana hakubaki nje ya hadithi yake: aliibadilisha sauti iwe nzito alipofika kwa zimwi, akaifanya nyembamba kwa msichana anayetoroka, na wimbo ulipofika waliosikiliza waliingia kama kiitikio, kwa namna ambayo kila aliyekuwamo chumbani alipata sehemu ya kuigiza. Zimwi linalojulikana zaidi katika hadithi hizo ni Apul-Apul, mla watu mwenye tamaa isiyokwisha, ambaye hudanganya kabla ya kushambulia. Mwandishi Grace Ogot alimchukua kutoka katika simulizi na kumwingiza katika maandishi ya Kiluo kwa kitabu chake Aloo kod Apul-Apul, kilichotoka mwaka 1981, na uamuzi wake wa kukiandika katika lugha hiyo, ingawa alikwisha kujijengea jina kwa Kiingereza, ni mojawapo ya matendo muhimu ya kuhifadhi mazimwi wa eneo hili.

Apul-Apul hashindwi kwa nguvu za mkono. Yeyote anayepona mbele yake hupona kwa kumtambua mapema au kwa kumpita kwa akili, na kanuni hiyo ndiyo inayozileta karibu simulizi za Kiluo na mchezo wa Kijapani, ambamo mwindaji asiyechunguza nyendo za mnyama, mahali anapolala na kiungo kilicho dhaifu hufa upesi hata akiwa na upanga bora. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Luanda Magere, shujaa wa ukoo wa Sidho wa Kano, mashariki mwa Kisumu, ambaye kisa chake kinajulikana Uluoni kote. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ikagota na kuanguka, mpaka maadui zake Walang'o walipomtolea binti yao awe mke wake. Binti huyo, alipotakiwa kumtibu mumewe aliyekuwa mgonjwa, alielekezwa achanje kivuli badala ya mwili, damu ikatoka, na siri hiyo ikafika kwao. Katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kivulini na shujaa akageuka mwamba. Hapa mpangilio wa mchezo umepinduliwa kwa namna yenye kufikirisha, kwa sababu anayewindwa ni shujaa wa kwetu, anayefanya uchunguzi ni mwanamke wa upande wa pili, na msikilizaji huombolezea udhaifu uleule ambao mchezaji wa video angeushangilia akiugundua.

Sehemu iliyo tajiri zaidi ya mada hii, na ambayo wanaoandika juu ya michezo ya video hawaitazami inavyostahili, ni pakruok. Hii ni desturi ya Waluo ya kujisifu hadharani, inayofanyika hasa penye muziki, iwe ni wa nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, au wa ohangla, ngoma inayochezwa mpaka leo katika harusi, matanga na kumbi za burudani za Homa Bay na Migori. Mtu humtunza mwanamuziki fedha, muziki husimama au hupungua, naye hupata nafasi ya kujitangaza kwa majina ambayo si yale ya kitambulisho chake: hujiita mnyama asiyeshikika, mwana wa kijiji fulani, mkwe wa ukoo fulani, mpenzi wa fulani, akajilinganisha na kitu cha fahari au cha hatari, kisha muziki hurudi na mwingine hujitayarisha kumjibu kwa sifa zinazozidi zake. Majina hayo ya sifa hayasemwi ovyo. Jina hubaki na mwenyewe kwa miaka, marafiki humwita kwalo, mwanamuziki hulikumbuka na kulitia katika wimbo wake, na mtu asiyeweza kulitetea kwa ufasaha hupokonywa heshima yake kwa kicheko cha hadhira.

Mwenye kujua pakruok hapati shida kuelewa kwa nini marafiki huweza kuketi saa nyingi wakizungumza juu ya wahusika wao wa michezoni, mmoja akieleza jinsi mwindaji wake alivyolipata vazi la magamba, mwingine akibisha kwamba vazi hilo halifai kwa mnyama wa barafu, wa tatu akisimulia namna wote watatu walivyoshindwa kwa sababu mmoja alikimbia. Muundo wa mazungumzo ni uleule: kuna nafsi iliyobuniwa, kuna sifa zinazodaiwa, kuna wenzake wenye haki ya kupinga, na kuna ustadi wa lugha unaompa mtu nafasi yake kundini. Tofauti kubwa ni ya uwajibikaji. Nafsi ya pakruok hukaa juu ya mtu halisi, mwenye ukoo na madeni, na anayejiita simba mbele ya majirani atakumbushwa jina hilo siku atakapokwepa jambo la ujasiri. Mhusika wa mchezo huweza kufutwa na kuumbwa upya bila yeyote kumdai. Desturi ya zamani kwa hiyo ina uzito ambao mchezo hauna, na inastahili kuhesabiwa miongoni mwa sanaa za uhusika zilizokomaa, wala isiachiwe wanaoiona kama majivuno ya walevi tu.

Mfano wa nafsi iliyovuka mipaka ya mtu mmoja unatoka Kanyamwa, katika Ndhiwa ya Homa Bay, alikoishi mganga Gor Mahia. Habari zake husimulia kwamba aliweza kujigeuza atakavyo, hata waliokuja kumkamata wakamkuta katika umbo wasilolitambua. Klabu ya soka iliyoanzishwa mwaka 1968 ilichukua jina lake, nayo huitwa pia K'Ogalo, yaani wa mbari ya Ogalo, hivi kwamba uwanja mzima wa mashabiki hujiweka chini ya ukoo wa mtu mmoja wa Kanyamwa kwa muda wa mechi.

Si kila kiumbe cha ajabu katika eneo hili ni cha kuwindwa. Karibu na Kendu Bay lipo Ziwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta lenye maji ya magadi ambako heroe hukusanyika, na inasimuliwa kwamba hapo palikuwa kijiji kilichomnyima bikizee chakula na malazi usiku wa sherehe. Mvua na maji vikakifunika kijiji, akasalimika yule aliyemkaribisha tu. Huko Nyandiwa, Gwassi, mvuvi Nyamgondho mwana wa Ombare alinasa katika wavu mwanamke mzee mwenye jicho moja, akakubali kumchukua, na boma lake likajaa ng'ombe waliotoka ziwani; alipotajirika akamtukana, mwanamke akarudi majini na mifugo yote ikamfuata, naye Nyamgondho akasimama akiegemea fimbo yake mpaka akawa mti. Katika visa hivi viwili mgeni wa kutisha hapimwi kwa mkuki, hupimwa mwenyeji kwa chakula na kwa ulimi wake, na mchezo wa video ambao ungetaka kuyaiga mazimwi ya Homa Bay kwa uaminifu ungelazimika kuwa na hatari ambayo mwindaji huishinda kwa kufungua mlango.

Nchi yenyewe imetoa wanyama wakubwa kuliko wa hadithi. Katika mashapo ya Karungu, kwenye ufuo wa Migori, lilipatikana taya la Deinotherium hobleyi, jamaa wa tembo aliyeishi zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita na ambaye pembe zake zilitoka taya la chini zikapinda kuelekea ardhini; mwanasayansi C. W. Andrews alimpa jina hilo mwaka 1911. Nyayanga, katika rasi ya Homa, utafiti uliotangazwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulieleza zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3.0, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Haijulikani kama viboko hao waliuawa au waliokotwa wakiwa wamekufa, ila kazi ya kuugeuza mzoga mkubwa kuwa mahitaji ilifanyika ufuoni mwa Homa Bay kabla ya kuwapo binadamu wa sasa. Hofu ya nyakati za karibu zaidi imeacha alama yake Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, ambako maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji tangu karne ya 16 yana kuta za kati ya mita 1.5 na 4.5 kwa kimo, zilizowakinga watu na mifugo dhidi ya maadui na wanyama wakali. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Namna michezo ya video inavyochezwa katika miji ya eneo hili, kama ilivyo kwingi nchini Kenya, inategemea zaidi gharama kuliko ladha. Katika vibanda vya PlayStation mteja hulipia mechi au dakika, na utaratibu huo huupa soka nafasi ya kwanza, kwa kuwa mechi ina mwisho unaojulikana na wawili hucheza kwa zamu moja; safari ya kumwinda joka, ambayo huweza kuchukua nusu saa na kuishia katika kushindwa, haimfai anayehesabu shilingi. Simu imebadilisha hesabu hiyo kwa kiasi. Monster Hunter Now, iliyotolewa Septemba 2023 na Niantic pamoja na Capcom, huweka wanyama juu ya ramani ya mahali mchezaji alipo na humpa sekunde 75 tu za kumshinda mmoja, muda unaoweza kupatikana kwenye foleni ya matatu. Kwa wasio na simu yenye uwezo huo zipo video za YouTube, na mtu huweza kuyajua majina, nyendo na udhaifu wa wanyama wote wa mfululizo huo bila kuwahi kushika kidude cha kuchezea, kisha akawa mbishi hodari katika mazungumzo, kama vile mtoto wa siwindhe alivyozijua njia zote za Apul-Apul bila kumwona.